Aliyezima Mashine Mama Akiwa Bado Anaandika

Nilikuwa nimeshika shingo ya gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, pale sokoni, nikimweleza muuzaji kwamba nusu ya mzigo wake ni vumbi, aliponikatiza kwa habari ya msiba. "Muzee, acha kwanza. Ule Shefu wa mashini, wa Majengo, amekufa leo asubuhi. Banasema ni tension, ile presha ya damu." Nikamwuliza tena, maana mimi kila kitu nakiuliza mara mbili: Shefu yupi? Wa mashine? "Njo yeye," akajibu, na papo hapo akarudi kwenye bei yake ya mwanzo, akidhani huzuni imenilegeza mkono. Alikosea. Huzuni haikuja, na gunia niliondoka nalo kwa bei yangu.

Marehemu alizikwa siku hiyohiyo alasiri, kama ilivyo kwa Waislamu wa Majengo, katika kaburi ambalo vijana walilichimba kwa mtaimbo na nyundo, maana ardhi yetu ni jiwe la volkano hata kwa wafu. Tulipokuwa tunarudi, wazee wawili wa mtaa walinivuta pembeni. "Papa, wewe njo unajua kuandika. Andika mazuri ya ndugu yetu." Nikawauliza wanataka mangapi. Walitazamana kama watu walioulizwa kitu cha aibu. "Ata tano," akasema mmoja. Nikawaambia tano ni nyingi kwa mtu yule, ninalo moja. Wakashuka hadi matatu. Nikabaki palepale. Mwenzake akanikumbusha kwamba marehemu hasemwi vibaya, nami nikamjibu kwamba walio hai husemwa vibaya kila siku bila kosa lolote, kwa hiyo sioni kwa nini aliyekufa apewe punguzo. Tukaachana kwenye moja. Basi lipokeeni: alijua kazi yake. Aliijua vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona akigusa kompyuta katika mji huu. Yote yatakayofuata yanatoka humo, na hayamsaidii.

Wasiomfahamu niwaeleze kidogo. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtu mrefu, shati limechomekwa daima, miwani imetundikwa kifuani kama nishani. Kuanzia Majengo hadi Mabanga hapakuwa na chumba cha kuchapisha kazi ambacho hakikumwita Shefu. Mimi nilimfahamu katika kimoja cha vyumba hivyo, kile ninakochapisha safu hii kwa sababu sijawahi kumiliki kompyuta na sina nia. Ndani mna vioo saba vya kompyuta vya kizee na waandishi saba wanaowapigia watu chapa kazi zao, wengi wao akina mama, na chini ya meza ya mwisho imekaa mashine moja kubwa inayovilisha vioo vyote. Vioo havina akili yao wenyewe. Kila kitu kinafanyika kwenye ile mashine ya chini. Mpango huo ulikuwa wake, na nakiri ulikuwa wa busara: mashine saba zingehitaji umeme wa mashine saba, na umeme wa kwetu mnaujua, unakuja kama mgeni anayepita kusalimia.

Sasa sikilizeni alivyoipanga, maana humo ndimo ubaya ulimoingia. Kila mwandishi alipewa folda yake yenye neno la siri, mwenzake asiweze kuingia. Vizuri. Lakini kazi za vyumba hivi haziendi hivyo. Mteja analeta kurasa zake asubuhi, mwandishi wa kwanza anapiga nusu, anakwenda kunyonyesha, wa pili anaendeleza, wa tatu anasahihisha na kuchapisha. Kazi lazima ipite mikononi. Waandishi wakamwambia Shefu wanataka mahali pa wote. Angeweza kuwatengenezea folda ya pamoja. Nimeambiwa na wanaojua kwamba ni kazi ya muda wa kunywa chai. Yeye akawaonyesha folda ambayo tayari ilikuwepo kwenye mashine, ile ambayo mifumo ya namna ya Linux huwa nayo tangu kuzaliwa, inaitwa tmp. Hiyo ni sehemu ambapo programu zinaweka takataka zao za kazi: nakala za kupita, mabaki ya uchapishaji, vitu vya saa hizi tu. Kila mtu anaruhusiwa kuweka kitu humo. "Mukuwe munaweka hapa," akawaambia, "yote munaiona." Wakaanza kuweka humo barua za watu, hati za mashamba, kazi za wanafunzi, na safu zangu.

Folda hiyo imeundwa kusahau. Katika mipangilio ya kawaida ya mashine ile, ukizima na kuwasha, inajifagia yenyewe. Waandishi waligundua hilo siku ya kwanza umeme ulipokatika, wakapiga kelele. Shefu akaja, akaizuia isijifagie. Kisha wakalalamika tena: mtu anaweza kuweka faili lakini hawezi kuondoa la mwenzake. Hapo napenda tutulie kidogo, kwa sababu jambo hilo hata muuza makala analielewa. Pale Mabanga kuna depo ambako wachuuzi wanalaza magunia usiku. Kila mtu ana ruhusa ya kuingiza gunia. Kutoa, unatoa lako tu. Bila sharti hilo la pili, depo lingedumu siku moja. Mashine nayo ina sharti hilohilo juu ya folda ya tmp, ni alama ndogo tu kwenye ruhusa zake, na waliolitunga hawakuwa wajinga. Shefu aliiondoa alama hiyo ili asisumbuliwe. Akabaki na depo lisilo na mlinzi, lisilofagiwa, lililojaa vitu vya watu, na akawaambia watu walitegemee.

Akaziba pia matundu ya kuchomekea flashi. Alisema flashi zinaleta virusi, na kwa sababu hakutaka kubishana na kila mteja, aliyaziba kwa chingamu. Chingamu, wasomaji wangu. Nimekwisha kuchungulia mara mbili kuhakikisha. Tangu hapo kazi ya mtu iliyoingia katika chumba kile ilitoka kwa njia moja tu, kwenye karatasi.

Mtaniuliza, hivi alikuwa fundi kweli huyu? Alikuwa. Niliwahi kumwona siku mashine ilipokataa kuhifadhi kitu chochote ikidai imejaa, wakati kipimo kinaonyesha nusu ya nafasi iko wazi. Mama mwenye chumba alikuwa amekwisha kuwaita wengine, wakakuna vichwa. Shefu akaingia, akapiga amri moja, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akatueleza kwamba mashine inahesabu mara mbili: mara ya kwanza uzito wa vitu, mara ya pili idadi yake. Uzito ulikuwa mdogo, lakini programu ya uchapishaji ilikuwa imeacha vifaili vidogovidogo visivyohesabika, kila kimoja kama chembe ya ulezi, na idadi inayoruhusiwa ndiyo iliyokwisha. Nilimpenda kwa muda wa dakika hiyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili na sikujua kwamba kuna mashine yenye tabia yangu. Akafuta zile chembe, mashine ikapumua, akaondoka. Nikamfuata mlangoni nikamwuliza kama programu ile haitazimwaga tena. "Itazimwaga," akasema. Sasa si uirekebishe? Akanitazama kama mnunuzi aliyeomba nyongeza baada ya kupimiwa. "Muzee, nikirekebisha yote, nani ataniita?" Alicheka. Alidhani nami nitacheka.

Nije kwenye siku yenyewe, mwaka jana. Kuna mama mmoja anayeuza maharagwe karibu na chumba kile, mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye watoto wakubwa. Alirudi shule akiwa na umri ambao wenzake wanakaa kungoja wajukuu. Alikuwa amefika mwaka wa mwisho, na kilichobaki ilikuwa TFC yake, ile kazi ya mwisho wa masomo ambayo bila kuiweka ofisini mwa chuo hupati cheti, hata ungejibu mitihani yote. Aliandika juu ya namna wanawake wa barabara ya kaskazini wanavyohifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu. Alikwenda kuuliza mwenyewe, hadi Kalengera, nyakati barabara iliporuhusu, akarudi na madaftari yenye mwandiko ambao mwandishi mmoja tu katika chumba kile aliweza kuusoma. Miezi mingi kazi ile ilijengwa ukurasa kwa ukurasa ndani ya tmp. Ilibaki aiweke Jumamosi ile, mwisho saa sita mchana. Siku tuliyokuwa nayo ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi hiyo vioo vyote saba vilianza kukataa kuhifadhi. Mama alikuwa ameketi kando ya mwandishi wake, wakimalizia sura ya mwisho, nami nilikuwa kioo cha jirani nikisahihisha safu yangu. Shefu aliitwa, akaja amenuna, maana alikuwa na kazi nyingine Mabanga. Hakusalimu. Hakuuliza kitu. Aliketi kwenye mashine kubwa, akaandika amri ya kufuta kila kilichomo ndani ya tmp, akaibonyeza. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

"Basi," akasema. "Ilijaa takataka."

Mwandishi wa mama ndiye aliyeelewa kwanza. "Shefu, umefuta wapi?"

"Tmp."

"Kazi za batu beko mule!"

"Ile ni folda ya muda, mama. Mwenye aliweka kitu cha maana mule ni nani?"

Watu saba waliojua jibu wakamgeukia yeye mwenyewe. Ndipo mama wa maharagwe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akinyoosha kidole, "Lakini yangu iko hapa. Si naiona?" Na kweli ilikuwepo. Kwenye kioo kazi nzima ilikuwa bado imefunguka, kwenye sura ya mwisho, maneno yote mahali pake, mshale unapepesa. Mwandishi akajaribu kuihifadhi. Mashine ikakataa: hakuna nafasi.

Mimi si fundi, lakini nimelaza magunia kwenye depo. Nikamwuliza Shefu: umetoa vyote, sivyo? Ndiyo. Basi nafasi iko wapi? Ukitoa magunia depo likabaki limejaa, basi magunia hayajatoka. Akashusha pumzi, akajibu kama mtu anayemweleza mtoto, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Alisema faili likifutwa huku mtu bado amelifungua, jina lake linaondoka lakini lenyewe linabaki mpaka mtu wa mwisho alifunge. Vioo saba vilikuwa vimeshikilia vitu vyao pamoja na rundo la mabaki ya uchapishaji, ndiyo maana nafasi hairudi. Alijua. Nikamwambia, haya, tupatane. Wafunge wengine sita, mmoja mmoja, mimi nianze na safu yangu, sina uchungu nayo. Nafasi itarudi, mama ahifadhi ya kwake kwenye folda ya mwandishi, kisha fanya utakalo.

"Inawezekana," akasema.

"Basi tufanye."

"Muzee, unajua ni muda gani? Huyu afunge, nitazame, ule afunge, nitazame. Miye siko mwalimu wa batu. Banangoja Mabanga." Na mkono wake ukashuka chini ya meza.

"Shefu, Papa, ngoja kidogo," akasema mama, akiinuka. "Ile njo TFC yangu. Ni ya kesho."

"Mutaanza tena, mama. Kitu ulishaandika mara moja, ya pili inakuwa nyepesi."

Akabonyeza kitufe. Vioo vyote saba vikawa vyeusi.

Mama hakupiga kelele. Alimwuliza mwandishi kama wanaweza angalau kuchapisha ile sura iliyokuwa kwenye kioo, na mwandishi akaficha uso kwa kitenge chake. Mashine iliwaka upya, nyepesi, tayari kuhifadhi, ina nafasi ya kutosha kuweka kazi za chuo kizima. Shefu alisimama, akachomeka shati lake vizuri, akamwambia mama mwenye chumba, "Sasa inatembea bien, muzuri kabisa." Jumamosi saa sita ilipita. Chuo hakikusikiliza habari za folda. Mama alipoteza mwaka.

Niliyoyasikia baadaye kwa watu yaliniudhi kuliko kile kitufe. Walimsikitikia, kisha wakamaliza kwa maneno yaleyale: "Ah, lakini hapa kwetu yote ni ya muda." Maneno haya nimeyachoka. Nyumba ni za mbao kwa sababu mlima unaweza kuamka. Bomba la maji ni la muda, daraja ni la muda, wakubwa ni wa muda, hema lilikuja kwa majuma machache na watoto wamezaliwa na kuota meno ndani yake. Ni kweli. Lakini nani alituambia kwamba kitu kikiwa cha muda basi kilichomo ndani hakina mwenyewe? Mtu anayelala kwenye hema ana jina. Mama anayepika juu ya jiwe lililokuwa moto wa mlima ana sufuria, na sufuria ina chakula cha watu. Mahali panapoweza kufutwa wakati wowote ndipo mwenye ufagio anapotakiwa kuangalia miguu ya watu zaidi. Sisi tumegeuza. Tumempa mwenye ufagio udhuru, na tumemlaumu aliyeweka kitu chake chini kwa kukosa pengine pa kukiweka. Na waliomlaumu mama wa maharagwe kwa kuacha TFC yake ndani ya tmp sikuwasikia hata siku moja wakiuliza ni nani aliyemwonyesha tmp.

Nina ugomvi wa pili, na huu si wa marehemu peke yake. Mji wetu unawapenda watu wasioweza kukosekana. Fundi anayeacha mashine inayojiendea mwenyewe tunamsahau. Anayeitwa kila juma tunamwita Shefu. Tumezoea kumshukuru mtu kwa kutuzimia moto aliouacha ukifuka makusudi. Marehemu hakuwa mwizi, hilo naliandika waziwazi ili familia yake isiseme nimeliruka. Hakuiba kitu. Aliweka maarifa yake kama wengine wanavyoweka unga siku za njaa: anayo, unajua anayo, anakupimia kijiko.

Siku ya hitima nilikwenda, kwa sababu mjane wake hana deni lolote kwangu na alistahili mtu wa kuketi. Viti vya plastiki vilijaa uani. Nilivihesabu nikavirudia, havikupungua. Msemaji mmoja alisimama akasema ndugu yetu hakuwahi kuacha mashine bila kuifanya itembee. Watu wakaitikia. Mbele yangu niliuona mgongo ninaoufahamu, kitambaa cha kichwani cha rangi ya kijani. Alikuwa mama wa maharagwe. Nilisogeza kiti.

"Mama, nawe umekuja?"

"Si jirani? Nimeleta maharagwe ya wageni."

"Umemsamehe?"

Alifikiri huku akisugua kidole kwa kidole. "Bado," akasema. "Maharagwe ni ya mjane."

Nikamwuliza habari ya masomo. Akaniambia amejiandikisha tena mwaka huu, kazi ileile; alikuwa na kurasa kidogo alizochapisha zamani, nyingine ameziandika upya kutoka kwenye madaftari na kichwani. Inapigwa katika chumba kilekile. Macho yangu yalimwuliza alichouliza kila mtu. "Sasa nitaenda wapi?" akasema. "Mwandishi wa kusoma mukono wangu ni ule mumoja." Safari hii hakukubali iwekwe mahali pa wote. Ilikaa ndani ya folda ya mwandishi, na yeye alikaa kando ya mwandishi. Ilikuwa imebaki kidogo. Mwalimu wake alikuwa ameitaka na masahihisho, mwisho Jumamosi.

Nilikuwa chumbani Alhamisi ya juma lile mashine ilipojaa tena. Hakuna wa kushangaa. Chembe zile za uchapishaji alikuwa ameziacha ziendelee kumwagika. Ila sasa aliyekuwa akizifagia alikuwa chini ya jiwe, na neno la siri la mashine kubwa alikwenda nalo. Hakumwachia mwenye chumba, hakumwachia mtu. Vioo vyote vilikataa kuhifadhi. Na mama wa maharagwe alikuwa ameketi mahali pake. Kazi yenyewe ilikuwa salama ndani ya folda, lakini masahihisho ya tangu asubuhi, yote aliyotakiwa na mwalimu, yalikuwa kwenye kioo tu. Hakuinuka hata kwenda msalani. Wateja walianza kunung'unika, na mmoja, aliyekuja kuchapisha mwaliko wa arusi, akasema kwa sauti, "Si muzime, muwashe? Marehemu alikuwa anazima tu!" Akaielekea meza ya mwisho. Mama wa maharagwe alisogeza kiti chake hatua kidogo, akaketi kati ya mtu huyo na kitufe, akakunja mikono. Yule bwana alimtazama, akautazama upana wa kiti, akaamua kwamba arusi inaweza kungoja.

Mwenye chumba alikuwa amemwita fundi mwingine, dada mmoja mwenye mfuko wa kitambaa, ambaye sikuwahi kumwona. Nilijiandaa kumchukia mapema ili kuokoa muda. Alisalimu kioo kwa kioo. Alikaa kwenye mashine kubwa, akajaribu, akatikisa kichwa, akasema wazi mbele ya watu wote: bila neno la siri hakuna njia ya kuingia isipokuwa kuizima na kuiwasha kwa namna nyingine. Mwenye arusi akasema, "Si njo nilisema?" Dada akainua mikono yake yote miwili, akaiweka juu ya meza mahali inapoonekana.

"Kabla sijagusa," akasema, "nani ana kazi iko wazi, yenye haijahifadhiwa?"

Hakuna aliyejibu. Msidhani walikuwa hawana. Walikuwa hawajui kwamba swali ni lao. Miaka yote ya chumba kile, hakuna aliyekuwa amewauliza. Akarudia, taratibu, na mkono wa kwanza ukapanda, wa mama wa maharagwe, ingawa hakuwa mwandishi na kioo hakikuwa chake. Kisha wa mwandishi wake. Kisha mingine miwili, kwa aibu, kama darasani.

"Tutaanza na wewe, mama. Uko na flashi?"

Alikuwa nayo, imefungwa kwenye ncha ya kitenge chake, nadhani tangu mwaka ule mwingine. Dada akainama kwenye matundu ya mashine, akauliza kwa upole uliokuwa na kisu ndani yake: "Hii ni nini?" Tukamwambia ni chingamu. Akauliza nani ameweka. Tukamwambia. Hakusema neno juu ya marehemu, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Aliomba sindano, mama mmoja akachomoa moja kwenye ukosi wa blauzi, naye akakaa anachokonoa chingamu vipande vipande huku mwenye arusi akihema nyuma yake. Flashi ikaingia. Mwandishi akahifadhi humo. Dada akaitoa, akaichomeka kwenye kikompyuta chake, akafungua kazi, akamwita mama aje asome ukurasa wa mwisho kwa macho yake. Mama alisoma ukurasa mzima, kidole chini ya kila mstari, midomo ikitembea. Akaomba asome na ule wa kabla yake. Akasoma. Akafunga flashi kwenye ncha ya kitenge, akavuta fundo kwa meno.

Wale wengine wawili wakafanya vilevile, kila mmoja kwa zamu, kwa flashi ya kuazima. Haikuzidi muda ambao marehemu alisema hana. Dada akageuka kuuliza tena kama yupo mwingine, akatazama vioo vyote, kisha akamtazama mama wa maharagwe, kana kwamba ruhusa inakaa kwake.

Mama aliondoa kiti chake njiani. "Sasa zima," akasema.

Jumamosi aliiweka kazi yake ofisini mwa chuo kabla ya saa sita. Watampa alama ngapi sijui. Dada yule alikiachia chumba kile folda ya pamoja yenye jina lake yenyewe, na alama ya mlinzi imerudishwa kwenye tmp, kila mtu aondoe cha kwake tu. Ninyi wenye vitufe mikononi, wa mashine, wa ofisi, wa mji huu mzima, sikuombeni muwe wema. Ninajua ninapobishana na ukuta. Ninaomba jambo dogo lisilohitaji cheti: kabla ya kuzima, ulizeni nani bado ameshika, na mngoje jibu. Na sisi tulioshika, tusiinuke kitini kabla ya kuulizwa.